Sehemu Chache Zipi?

Aliyewahi kusafiri adhuhuri ya mwezi wa Novemba kwa njia itokayo Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa hata ikashuka Webuye na kuelekea Bungoma, bila shaka ameyaona maturubai yaliyotandazwa kando ya lami, na juu yake mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa yakianikwa juani, na pembeni mwa kila turubai mtu mmoja, aghalabu mwanamke au mtoto wa shule aliye likizoni, ambaye kazi yake si kuyageuza mahindi kwa nyayo tu bali ni kuutazama Mlima Elgon. Mlima ukivaa kilemba cha wingu jeupe, mtu huyo hukaa. Kilemba kikipata rangi ya majivu, na upepo uliokuwa ukitoka mashariki ukasita kisha ukavuma kutoka machweo, huinuka akaanza kuzikunja pembe za turubai. Mwaka jana nilisimama Kamukuywa kununua ndizi kwa mama mmoja aliyekuwa katika ulinzi huo, nikamwuliza kama hakusikiliza utabiri wa asubuhi redioni. "Nimeusikia, mwalimu," akanijibu pasipo kuyaondoa macho mlimani. "Wamesema mvua na radi katika sehemu chache alasiri. Sasa niambie wewe uliyesoma: sehemu chache zipi?"

Sikuwa na jawabu, na makala haya ni malipo ya deni lile.

Kwanza, kwa insafu, sina budi kuwatetea watabiri. Wengi wetu tumezoea kuwacheka watu wa Idara ya Hali ya Hewa walioko Dagoretti, Nairobi, kana kwamba maneno hayo "sehemu chache" ni ujanja wa mtu asiyetaka kushikwa kwa kauli yake. Si ujanja, ni kauli ya mtu anayejua mpaka wa elimu yake. Mvua ya alasiri ya nyanda zetu haiji kama jeshi lililopanga safu kutoka upeo huu hadi ule. Huja kwa wingu mojamoja, lenye upana wa kilomita tano, nane, pengine kumi, lenye umri wa saa moja au mbili, ambalo huzaliwa juu ya bega la mlima, likajimwaga pamoja na mawe yake juu ya shamba la huyu, likamwachia jirani yake vumbi vile vile lilivyokuwa asubuhi. Kati ya Kitale na Bungoma, kwa njia ya mwewe arukaye moja kwa moja, pana yapata kilomita 70. Modeli ya hesabu ya kituo cha Ulaya kilichoko Reading, Uingereza, ambayo ni miongoni mwa modeli zinazosifiwa kuliko zote duniani, huugawa uso wa dunia katika vyumba vya kilomita 9. Basi umbali wote ule, pamoja na mito, mashamba na masoko yake, ni vyumba vinane tu, na wingu letu zima laweza kulala ndani ya chumba kimoja pasipo mwenye nyumba kujua kwamba ana mgeni.

Mimi nilizaliwa pwani, na wazee walionilea walikuwa na elimu ya majira ambayo, kwa mahali pake, sijaona bado iliyo bora kuliko hiyo. Waliihesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, yaani siku ya mwaka, na kwa hesabu hiyo walijua mwongo wa kutia mbegu ardhini, mwongo wa kuchafuka bahari, na mwongo ambao vyombo vya Arabuni vingetarajiwa kwa pepo za kaskazi. Elimu hiyo haikumwambia mtu kama mvua itanyesha leo alasiri nyumbani kwake. Ilimwambia desturi ya mbingu, na pwani, ambako kaskazi na kusi hupokezana mwaka kwa ahadi isiyovunjika ila mara chache, desturi hufika mbali sana. Nilipohamia Kitale nilidhani kwamba zama hizi za kompyuta zimekwisha kuiacha desturi nyuma. Nilikosea. Mwaka 2018 kundi la wanachuoni wakiongozwa na Peter Vogel wa Karlsruhe, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wao wa modeli kubwa za dunia na mvua ya ukanda wa Sahel na pwani ya Guinea, wakaona kwamba modeli zile, zikiachwa zilivyo, hazikumshinda mtu atabiriye kwa desturi ya miaka iliyopita peke yake, na hata zilipokwisha kusahihishwa kwa takwimu zilimshinda kwa kiasi kidogo mno. Kwetu si Sahel, lakini mawingu yetu ni ya kabila lile lile. Mzee wa miongo, na vidole vyake kumi, angeliweza kuketi meza moja na kompyuta zile wala asitahayari.

Kwa nini imekuwa hivyo? Jawabu la haraka ni kwamba kompyuta hazijawa kubwa vya kutosha, na jawabu hilo huwapendeza wauzao kompyuta. Jawabu lililo karibu zaidi na kweli lilikwisha kuandikwa tangu mwaka 1922, ijapokuwa mwandishi wake hakulitaka. Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker ambaye imani yake ilimkataza kuchukua silaha, alikwenda Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza akawa dereva wa gari la majeruhi, na katika mapumziko ya kazi hiyo ya huzuni akaifanya kwa mkono hesabu ambayo hapana mtu aliyepata kuifanya kabla yake: alivichukua vipimo vya hewa ya Ulaya vya tarehe 20 Mei 1910, akavitia katika kanuni za mwendo na joto, akajaribu kukokotoa jinsi kanieneo ya hewa itakavyogeuka katika muda wa saa sita. Karatasi zake zilipotea wakati wa mapigano ya Champagne mwaka 1917, zikaja kuonekana miezi kadhaa baadaye chini ya chungu ya makaa ya mawe. Na jawabu lake lilikuwa aibu tupu: kanieneo itapanda kwa milibari 145, jambo ambalo halijapata kuonekana chini ya jua, ilhali siku ile kipimahewa kilikaa karibu pale pale kilipokuwa.

Namheshimu Richardson kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni kwamba alilichapa kosa lake kitabuni bila kulifunika. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba zile kanuni ndizo zilizomponza. Siyo. Kanuni zake zilikuwa sawa. Hali ya mwanzo ndiyo iliyokuwa na hitilafu, kwa maana upepo na kanieneo alivyoanzia havikupatana vyenyewe kwa vyenyewe, na hitilafu ile ndogo ya asubuhi ikafura katika hesabu hata ikawa jabali. Modeli ni msafiri hodari mwenye mbio: ukimwelekeza siko, atafika siko upesi.

Basi na tuulize, modeli inayoanza kukokotoa mapema asubuhi huelekezwa nini juu ya mbingu ya Trans Nzoia na Bungoma? Kituo cha hali ya hewa cha Kitale huipa joto, unyevu, upepo na mvua ya mahali kilipo. Kakamega na Eldoret hufanya hivyo hivyo. Zipo mashine ndogo ambazo TAHMO, taasisi iliyoanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft na John Selker wa Oregon, imezisimika katika nyua za shule nyingi za nchi hii, na nimefurahi kila nilipoiona moja. Habari za tabaka za juu huja kwa puto lipaalo kutoka Dagoretti, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Setilaiti ya Meteosat hutupigia picha kila dakika 15, nayo ni neema kubwa, lakini huyaona mawingu kutoka juu, kama mtu aliyepanda mnara akayatazama mapaa ya mji na kutaka kujua ni nyumba ipi inayopika wali. Yaliyomo kati ya paa na sakafu, yaani matone yanayopanda na kushuka, upepo unaoingia chini ya wingu na barafu inayosagana ndani yake, modeli haina budi kuyakisia. Na kwa kuwa mara nyingi huanza kazi ikiwa haina hata tone moja la mvua ndani yake, huhitaji saa kadhaa kabla mawingu yake yenyewe hayajakomaa, na huku nje, juu ya Elgon, mawingu ya kweli hayamngoji mtu.

Hapa ndipo rada inapoingia, na safari ya kuzaliwa kwake ni ya ajabu. Robert Watson-Watt, ambaye mwaka 1935 karibu na Daventry alionyesha kwamba mawimbi ya redio yaweza kuifichua ndege angani, alikuwa kwa asili mtu wa hali ya hewa, na miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akitafuta njia ya kuzifuatia tufani za radi kwa mapigo yao ya redio. Alitafuta radi, akapata ndege. Na vita vilipokuja, askari waliotafuta ndege wakaudhika kwa madoa ya mvua yaliyowazibia vioo. Udhia wa askari ukawa riziki ya watabiri.

Kazi ya chombo chenyewe si ngumu kuieleza. Bakuli kubwa lizungukalo juu ya mnara hutuma mpigo mfupi wa mawimbi, kisha hunyamaza na kusikiliza. Matone ya mvua hurudisha sehemu ndogo ya mawimbi hayo: muda wa kurudi husema umbali, nguvu ya kurudi husema ukubwa na wingi wa matone, na badiliko la mlio, lile lile tulisikialo katika honi ya matatu inayotupita barabarani, husema kama matone yanakuja au yanakwenda. Rada za siku hizi hutuma mawimbi ya wima na ya mlalo pamoja, na kwa kulinganisha marejeo yake huweza kupambanua tone kubwa, ambalo hewa hulibana likawa bapa, na jiwe la barafu linaloanguka likibingirika. Walakini rada haipimi mvua. Hupima mwangwi, na mwangwi ni shahidi mwenye kutia chumvi. Tone moja likizidi jingine upana mara mbili, mwangwi wake huzidi mara 64, hata mawe machache ya barafu yaweza kujidai kuwa gharika. Milima nayo hujibu inapoitwa, na kwa nchi kama yetu, iliyosimama kati ya Elgon yenye mita 4,321 na vilima vya Cherangani, majibu hayo ya mawe lazima yachujwe kila siku na mtu anayeijua nchi.

Pana jambo moja ambalo naamini watu wa Bungoma, ambao huwatega kumbikumbi kwa ustadi nisioupata pwani, watalipokea kwa tabasamu. Rada nzuri haioni mvua tu. Siku ya anga safi huona wadudu. Pale upepo wa Ziwa Victoria, ambao hupanda kutoka magharibi jua likipamba moto, unapokutana na upepo wa mashariki, hewa hukosa pa kwenda ila juu, na wadudu wadogo hukusanyika katika mstari ule wa makutano kama takataka zikusanyikavyo palipokutana mikondo miwili ya maji. Mstari huo huonekana katika kioo cha rada kama uzi mwembamba, pengine saa nzima kabla ya wingu lolote kutunga. Nao ndio mbegu ya tufani. Mtu wa turubai huusoma kwa shavu lake upepo unapogeuka. Rada ingeusoma ukiwa bado uko Malaba.

Picha hiyo peke yake ni mali. Mtabiri aliyeketi mbele ya kioo aweza kuliona wingu likielekea Kimilili akatoa onyo la nusu saa au saa nzima. Lakini onyo la namna hiyo hulisogeza wingu lililokwisha kuwapo. Haliwezi kulizaa lisilokuwapo wala kuliua lililochoka. Kuzaa na kuua ni kazi ya modeli, na hapo tunaikuta shida ambayo ni kiini cha maneno yangu yote: modeli na rada hazisemi lugha moja. Modeli husema joto, unyevu, kanieneo na upepo. Rada husema mwangwi. Ukiziweka pamoja bila mkalimani, huambulia kelele.

Wakalimani wapo, nao wamefanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Njia moja, ambayo Waingereza waliieleza mwaka 1997 na Wajerumani nao wameitumia, ni ya werevu mwepesi: mvuke ugeukapo maji huliachia joto lililokuwa limefichika ndani yake, na joto hilo ndilo linaloliinua wingu, basi rada ikiona mvua mahali ambapo modeli haina, hewa ya modeli huongezewa joto kidogo hata wingu lake nalo linyanyuke, na rada ikiona ukavu mahali ambapo modeli inajinyeshea, joto lake hupunguzwa. Njia nyingine, iliyo pana zaidi, naifananisha akilini mwangu na baraza ya kadhi aliyeletewa mashahidi wawili wasioafikiana. Shahidi wa kwanza ni modeli, ambaye saa iliyopita alisema hali itakuwa hivi. Wa pili ni rada, ambaye sasa anasema ameona vile. Kadhi hamfukuzi yeyote. Humpima kila mmoja kwa rekodi ya makosa yake, akatoa hukumu iliyo kati yao, ikimwelekea zaidi yule aliyezoea kukosea kidogo; na kwa kuwa huendesha modeli si moja bali kundi zima, kila moja ikiwa imeanza kwa tofauti kidogo, huweza kujua kwamba palipo na mwangwi mkubwa hapa, aghalabu huwa pana upepo wa namna fulani kule na unyevu wa namna fulani chini yake, akasahihisha hata yale ambayo rada haikuyaona. Ukavu nao ni ushahidi, na pengine ndio ulio bora: kumjulisha modeli kwamba saa sita ya mchana hapana kitu juu ya Cherangani ni kumwondolea uongo mwingi wa baadaye.

Faida hii haidumu. Mawingu ya joto husahau upesi, na baada ya saa chache modeli iliyolishwa rada na ile isiyolishwa huanza kufanana, kwa kuwa hewa kubwa iliyoyazunguka mawingu hushika usukani. Wapo wanaoitumia hoja hiyo kusema kwamba haifai kutumia fedha nyingi kwa faida ya saa chache. Hoja hiyo hutolewa na watu wasiokuwa na mahindi juani. Mahitaji yote ya yule mama wa Kamukuywa yamo kati ya saa tano ya asubuhi na saa kumi ya alasiri: mahindi yakinyeshewa mara mbili tatu huvunda, huota ukungu wenye sumu, na mnunuzi wa gunia huyakataa au huyanunua kwa bei ya kumtukana mtu. Kadhalika mkulima wa Kiminini aliyekwisha kubeba mbolea ya kukuzia begani, asijue kama mvua ya leo itaiyeyusha taratibu au itaifagia yote mpaka Mto Nzoia. Hawaombi utabiri wa siku kumi. Huo wanao, ni ile desturi.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuona faida hiyo. Marekani, yenye rada zipatazo 160 katika mtandao wake wa taifa, iliianzisha mwaka 2014 modeli inayoanza upya kila saa, na ndani ya saa moja inayotangulia kila mwanzo hulishwa habari za rada kila baada ya dakika 15. Afrika nzima, kwa hesabu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilizotajwa miaka ya karibuni, ilikuwa na rada 37, na Ulaya 345. Lakini jirani nao hawakukaa bure. Kuanzia mwaka 2017, kwa fedha za Uingereza na uongozi wa shirika hilo hilo, nchi za Ziwa Victoria ziliungana katika mradi wa HIGHWAY, na rada ya Mwanza ikawa jicho lao kuu katika kuzisoma tufani za usiku ambazo kwa vizazi zimewazamisha wavuvi pasipo kuaga. Uganda nayo ina rada yake Entebbe.

Mtu ataniuliza, je, rada hiyo ya Entebbe haitufikii? Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kutoka Entebbe hadi Bungoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 235. Rada ikiuinua mwali wake kwa nusu digrii tu, kama ilivyo ada, na dunia nayo ikijikunja chini yake kama ilivyoumbwa, mwali ule hupita kilomita 5 juu ya mapaa ya Bungoma, juu ya kimo ambapo matone hugeuka barafu. Huona vilele vya tufani kubwa. Matumbo yake haiyaoni, wala ule uzi wa wadudu haiuoni abadan. Mwanza iko mbali zaidi, karibu kilomita 390. Kwa hiyo, katika mtandao wote wa macho yalizungukayo ziwa, pembe yetu hii ya kaskazini-mashariki ni kiwi cha jicho.

Na si pembe isiyo na mambo. Tarehe 1 Machi 2010 upande wa Uganda wa mlima huu huu, katika Bududa, udongo uliolewa mvua uliteremka ukafukia vijiji pamoja na watu mamia. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale, mabonde yalishukiwa vivyo hivyo, wakafa watu makumi. Maji ya Elgon na ya Cherangani hukutana katika Nzoia, na Nzoia ikishiba huenda kumtapikia mtu wa Budalangi ambaye pengine hakuona tone nyumbani kwake.

Rai yangu, basi, ni kwamba rada yatakikana hapa. Lakini hofu yangu juu ya rada ni kubwa karibu sawa na hamu yangu. Najua jinsi siku ya uzinduzi ilivyo tamu: hema, vipaza sauti, utepe, wageni waliokuja kwa helikopta. Nimewahi kufanya kazi karibu na mashine moja, si ya hali ya hewa, ambayo ilizinduliwa kwa ngoma na ikalala mwaka wa tatu kwa kukosa kipuri ambacho mtu angeweza kukibeba mfukoni. Rada ni mamia ya milioni ya shilingi. Na bado, isipokuwa na umeme usiokatika, fundi anayelala Kitale badala ya kungojewa kutoka Nairobi, vipimamvua vya kuirudi inapotia chumvi, na zaidi ya yote vijana wawili watatu wa hesabu ambao kazi yao ya kila siku ni kuuchuja mwangwi na kuutia katika modeli, itakuwa darubini ya gharama kubwa ya kutazamia mvua inayotunyeshea. Idara yetu huendesha modeli zake yenyewe, WRF na COSMO, na elimu ya kuzilisha rada imo ndani ya modeli za jamii hiyo; mlango upo, kilichokosekana ni kitu cha kupitisha. Ningelipewa fedha na kuambiwa nichague, ningeliwaajiri vijana hao mwaka mmoja kabla ya kumwaga zege la mnara, wakajizoeza kwa rada ya Mwanza na ya Entebbe.

Ukitaka kujua jinsi tulivyo wepesi wa kutenda kabla ya kupima, kumbuka Kericho ya miaka ya 1960, ambako mvua ya mawe iliwaudhi wakulima wa majani ya chai hata mawingu yakapigwa roketi. Na mpaka leo, wakati kila alasiri ya Aprili mawe yanayatwanga majani ya mahindi ya Trans Nzoia, hatujui kwa yakini yanaanguka wapi na mara ngapi ila kwa kulia kwa aliyeangukiwa.

Husemwa pia siku hizi kwamba rada zimepitwa, kwa kuwa zipo programu zinazojifunza zenyewe kutoka picha za setilaiti na kutoa utabiri wa saa chache kwa Afrika nzima bila mnara hata mmoja. Nazikaribisha. Asiyepata maji na atayamamu, na sala yake ni sahihi. Lakini tayamamu ni ya kukosa maji, haikuwekwa iwe sababu ya kutochimba kisima.

Limebaki suala la mahali, nalo litaleta maneno, maana kila kaunti itautaka mnara uwe kwake. Ukiwekwa Kitale, Elgon utaziba magharibi na Cherangani mashariki. Ukiwekwa uwanda wa Bungoma, ukingo wa nyanda za juu utaila sehemu ya Kitale. Popote uwekwapo upande wetu, miteremko ya Bududa, ambayo Uganda huitazama kwa kuinua macho, itajificha nyuma ya mlima, na nyuso za mashariki tutakazoziona sisi, Uganda haitaziona. Hivyo mkataba wa kubadilishana habari dakika kwa dakika, bila barua wala muhuri, wahitajika kuliko zege. Mimi si mhandisi, lakini kabla ya kupanga pengine ningeomba wapimaji wapande kwanza Chetambe, kilima kilichoinamia Webuye, ambako Wabukusu walijifungia ndani ya ngome yao mwaka 1895 kuwakabili Waingereza, kwa kuwa kutoka pale hapana ajaye kutoka bondeni asionekane. Kutoka Chetambe hadi Kamukuywa ni kama kilomita 20. Nimepiga hesabu ile ile kwa kalamu ile ile: mwali wa nusu digrii, ufikapo juu ya turubai la yule mama, ungekuwa umepanda mita 200 tu kupita kimo cha bakuli lililoutuma.